Breki za Kona ya Pili

Nilikuwa nimelala chali kwenye mtaro wa barabara ya Mgeta, kabichi zimenifunika mpaka kifuani, mdomo umejaa udongo na damu, ndipo nikaisikia sauti ya Mjomba Kondo ikisema, "Afande, gari hili limeibiwa." Alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Mlali, maana tulianguka karibu kabisa na kufika, tambarare inaonekana pale chini. Hakuuliza nani mzima. Hakumwendea Abuu, ambaye bado alikuwa amebanwa kwenye usukani na wanaume walikuwa wanahangaika na shoka na nondo. Alikwenda moja kwa moja kwa askari. Askari akauliza, "Limeibiwa na nani?" Akajibu, "Na mpwa wangu huyo humo ndani. Mtoto wa dada yangu mwenyewe. Kachukua funguo nimepitiwa na usingizi." Askari akanielekezea kidole. "Na huyu binti?" Mjomba Kondo akanitazama usoni, mimi niliyekuwa namwamkia shikamoo kila siku iendayo kwa Mungu, mimi aliyekuwa akiniita mwanangu asubuhi ile ile, akasema, "Huyo simjui. Atakuwa kampakia njiani." Nikataka kusema. Taya lilikuwa limevunjika. Nilitoa sauti kama ya mbuzi, mama mmoja akanifunika kanga akaniambia, "Tulia mama, usiongee, Mungu yupo." Yupo, ndiyo. Lakini aliyeandikiwa maelezo siku ile ni Mjomba Kondo.

Nimeyakalia haya miaka yote na ningeendelea kuyakalia, nisingechukua kalamu, mimi niliyeishia darasa la saba na sentensi ndefu zinanichosha. Kilichonitoa ni msiba. Mwezi uliopita tumemzika Bi Mwanaidi, mama yake Abuu, hapo hapo Mlali, na baada ya kuzika, watu wamekaa wanakula wali, Mjomba Kondo alisimama. Sasa ni mzee, ana fimbo na kofia safi, wajukuu wanamshika mkono. Akasema, "Dada yangu ameondoka na aibu ya mtoto wake moyoni. Mimi yule kijana nilishamsamehe siku nyingi. Gari ni chuma tu." Wanaume wakaitikia, mzee una moyo, Mungu akuzidishie. Mimi nilikuwa jamvini na wanawake wenzangu, tonge mkononi. Nikasema kwa sauti, "Umsamehe nini?" Watu wakageuka. Binti mmoja wa ukoo wao akanivuta kanga. "Mama Tatu, kaa chini. Kula. Si unajua kichwa chako." Kichwa changu! Hilo ndilo jibu ninalopewa tangu nilipotoka hospitali. Nikisema lolote kuhusu siku ile, naambiwa maskini Tatu, aligonga kichwa, anachanganya mambo. Basi leo nataka nikikague hiki kichwa hadharani. Nitaeleza mambo ya mwaka ule, hata yale ya kipuuzi, hata ya gemu, na anayesema nimechanganya aje aninyooshe.

Mwaka ule nilikuwa nakaanga chipsi pale Mlali, nje ya banda la gemu la Beka. Beka alikuwa kijana wa mjini, aliyetokea Morogoro na runinga mbili za chogo, mashine ya gemu na maneno mengi. Banda lenyewe lilikuwa fremu ya kupangisha ya Mjomba Kondo: bati juu, mapazia ya viroba mlangoni kuzuia jua, mabenchi mawili yaliyolainika kwa makalio ya watu, na harufu ya jasho la vijana iliyochanganyika na mafuta yangu. Asubuhi banda halina mtu, wote wako shamba au shule, na mafuta yangu hayajapata moto, hapo ndipo nilipokuwa naingia kucheza. Abuu naye aliingia muda huo kwa sababu mjomba wake alimpa kazi ya utingo kwenye lori lake la kabichi, na siku lori halijapanda Mgeta alikuwa hana cha kufanya. Tulicheza sana. Watu walisema ni wapenzi. Hatukuwa wapenzi. Tulikuwa wapinzani, na kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa zaidi, kwa sababu hakuna mwanaume mwingine pale aliyekubali kufungwa na msichana halafu akaomba arudie. Wengine walikuwa wakifungwa wanasema pedi ya kuchezea mbovu. "We Tatu nenda kageuze viazi vyako, vinaungua." Abuu alikuwa anasema, "Niachie upande wa kushoto. Tena."

Gemu yetu ilikuwa ya magari, mashindano ya kwenye milima. Jina lake la kwenye kasha hatukulisoma, lilikuwa la maandishi ya kwao huko. Sisi tuliita Kona. Ile ya kwanza, nasema kweli, ilikuwa gemu ya kitoto. Gari halikuwa na uzito, kama ganda la kiberiti. Unabonyeza kitufe cha mafuta mwanzo hadi mwisho, breki ipo lakini ya nini, ukifika kwenye kona unaliachia gari ligonge ukuta wa mlima, linausugua ukuta, linageuka lenyewe, unaendelea. Tuliita kulalia ukuta. Gari halipati hata mkwaruzo. Na yale magari ya mashine unayoshindana nayo yalikuwa kama yamefungwa kamba kwenye gari lako: ukienda vizuri yanakufikia, ukikosea yanakusubiri, kwa hiyo ufundi wako hauna maana yoyote mpaka mita za mwisho. Beka alipiga marufuku kulalia ukuta, akashindwa, maana bila hivyo gemu yenyewe haina njia nyingine. Tukaichoka. Hata Abuu alikuwa anacheza huku anapiga miayo.

Halafu Beka akaenda mjini akarudi na mashine mpya na Kona ya Pili. Jamani. Sijui niwaeleze vipi ninyi wenye magemu ya kwenye simu. Milima ni ile ile, magari mengi ni yale yale, lakini aliyeitengeneza ni kama alikaa kwenye benchi letu akasikia kila tulicholalamikia. Gari sasa lilikuwa na uzito. Ukishika breki linainamisha pua, ukikata kona linalala ubavu, na kitufe cha breki kilijua nguvu ya kidole: ukigusa kidogo inashika kidogo, ukikandamiza magurudumu yanafunga na unakwenda kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Ukilalia ukuta sasa unalipa. Bampa linaning'inia, usukani unavuta upande mmoja mpaka mwisho wa mbio. Mvua ikinyesha unahisi mkononi, pedi inatetemeka tairi likiingia kwenye kokoto. Yale magari mengine yalifunguliwa kamba. Yakawa na akili, na yakawa na woga pia. Ukimganda mtu nyuma kwa muda mrefu anaanza kukosea, anaingia kona vibaya, unapita. Na gia unaweza kubadili mwenyewe. Na ukianguka hurudishwi mwanzo kabisa wa mlima, unarudishwa nyuma kidogo ya kona iliyokuangusha, unaijaribu hiyo hiyo mpaka ikuingie. Kwa mara ya kwanza nilijifunza kitu kwa kufungwa. Abuu alibadilika. Alikuwa anaongea kuhusu kona akila, akitembea, akipakia matenga. Aliniambia, "Tatu, ile ya kwanza ilikuwa inatudanganya. Hii haidanganyi."

Na ndani yake kulikuwa na lori. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Lilikuwa gari la mwisho, lori lenye mzigo, na mzigo unayumba. Hukati kona kama na gari dogo, lazima uanze kupunguza mapema, gia, breki, gia. Nilikuwa mzuri kuliko Abuu kwenye magari yote, lakini kwenye lori nilikuwa simwoni hata vumbi. Siku moja mchana Mjomba Kondo akaja bandani kumtoa Abuu kwa fimbo, nusu ya Mlali wamekaa mle ndani. "Yuko wapi huyu mpumbavu? Gari linataka kuoshwa, yeye yuko sinema!" Beka akainuka, mikono miwili, adabu zote. "Shikamoo mzee. Mzee Kondo, kaa kwanza. Kaa uone kijana wako. Hii ya pili si mchezo tena, hii ni chuo cha udereva." Vijana wakamsogezea benchi. Mjomba akakaa kwa kukunja uso, akatazama lori linateremka mlima. Nilikuwa mlangoni na chujio langu. Niliuona uso wake ukikunjuka. Baada ya muda akauliza, "Mbona umepunguza gia hapo?" Abuu, macho kwenye runinga, akasema, "Kona hiyo mjomba. Nikiingia nayo hivi hivi mzigo unanitupa bondeni." "Mh. Na hapo?" "Hapo nagusa tu breki, sikandamizi." Mjomba akawageukia watu, akacheka, meno yote nje. "Dereva wangu Sefu kila siku ananitisha eti udereva wa mlima ni kipaji. Kumbe unapatikana kwa Beka!" Banda zima likapiga makofi. Beka akasema, "Mpe usukani mzee, utakuja kunishukuru."

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu nilikuwa nakwea Mgeta na lori la Mjomba Kondo kila nikiishiwa viazi, na hiki kitu nilikijua. Kona ya Pili ilikuwa na kila kitu isipokuwa kimoja. Breki zake hazichoki. Unaweza kuzishika kutoka kileleni mpaka chini, kona baada ya kona, zinashika vile vile. Sefu, dereva wa Mjomba Kondo, alikuwa anateremka Mgeta kwa gia nzito, injini inalia kama inachinjwa, tunapitwa mpaka na watembea kwa miguu wenye matenga kichwani. Na katikati ya mteremko kuna sehemu barabara imetanuka. Hapo alikuwa anasimama kila safari, utingo anaweka mawe kwenye matairi, abiria wanashuka, wanakula matunda damu, na Sefu anazunguka magurudumu akiyanusa. Breki zikipata moto zina harufu, kama nywele zinaungua. Akiisikia tu, hatuondoki. Vijana walimcheka. "Mzee Sefu, unanusa gari kama unanusa samaki?" Alikuwa anahamia gurudumu jingine. Na wiki ile alimwambia Mjomba Kondo wazi, uani, watu wanasikia, kwamba lainingi za breki zimekwisha na yeye hapandi mlima mpaka zibadilishwe. Mjomba akamwambia aende zake, madereva wako wengi. Sefu akafunga kibegi chake akarudi kwao Tanga, na huko nasikia alishafariki.

Asubuhi yake nilikuwa uani kwa Mjomba Kondo na viroba vyangu vitupu. Nakumbuka chai ilikuwa ya tangawizi, chungu kwa majani mengi, na mihogo ya kuchemsha, na Bi Mwanaidi alikuwa anaimenya moto moto huku anapuliza vidole. Kisha akaenda kisimani. Alipoondoka tulibaki Mjomba Kondo, Abuu, Beka, na mimi. Beka alikuwa amekuja kuomba fremu ya pili, ya kuweka runinga nyingine. Mjomba akatia mkono kanzuni, akatoa funguo, akamshika Abuu mkono, akaziweka kiganjani, akavikunja vidole vya Abuu kwa mkono wake mwenyewe. "Leo wewe." Abuu akasema, "Mjomba, leseni sina. Na Sefu alisema breki." Mjomba: "Sefu alikuwa mwoga. Wewe nimekuona kwa macho yangu. Kabichi zinanyauka kule, matajiri wa Dar wanasubiri, nani atanilipa?" Abuu akamtazama Beka. Beka akatafuna muhogo wake, akasema, "Kaka, si umeshamaliza mlima mzima na lile lori? Nenda bwana, usituaibishe." Nami nikasema, maana sikunyamaza, "Mjomba, breki za kwenye gemu hazipati moto." Wakacheka wote wawili. "Na wewe mwanangu," akaniambia Mjomba Kondo, "kaa mbele na dereva, ukamwoneshe kona." Ndivyo alivyosema. Mwanangu.

Kupanda tulipanda vizuri. Kuteremka, Abuu aliendesha kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha ilikuwa gemu. Hakukimbia. Watu walisema alikuwa anakimbia, si kweli. Alikuwa anaacha gari lishuke, anagusa breki kabla ya kona, anaachia, anagusa, anaachia, laini, kitaalamu, mpaka nikaanza kuamini. Pale barabara ilipotanuka nikamwambia tusimame. Akasema, "Hazijachoka, nimezigusa tu." Tambarare ilipoanza kuonekana nikaisikia ile harufu. Nikamwambia, "Abuu, zinanuka." Akakanyaga, na nikaona goti lake linakwenda mbali kuliko kawaida, mguu umefika chini na hakuna kitu. Akajaribu gia, ikakataa, ikalia, lori likawa huru. Hakupiga kelele. Bonde lilikuwa kushoto, upande wangu, na mlima kulia, upande wake. Aliniambia, "Tatu, kamata dirisha," akalisogeza lori kulia taratibu mpaka likaugusa ukuta wa mlima, akalilaza pale. Mlango wake ulianza kukunjwa. Mawe yalikuwa yanaingia kwake. Angeweza kulitoa. Hakulitoa. Alilisugua ukutani mpaka mwendo ukapungua, kisha tairi likapanda jiwe tukapinduka, mimi nikatupwa na kabichi mtaroni, yeye akabaki. Mwizi gani anayekufa hivyo? Mwizi anaruka, bwana. Mlango wangu ulikuwa upande wa wazi. Mwizi angenisukuma akapita juu yangu.

Nilikaa hospitali mjini mpaka majani ya mahindi yalipobadilika rangi, taya limefungwa nyaya, mguu uko kwenye plasta. Nilipoweza kuongea nilikuta kila kitu kimeshapoa. Abuu ameshazikwa kwa haraka, bila watu wengi, kwa sababu nani aende maziko ya mwizi. Beka ameshasema kwa polisi kwamba Abuu alikuwa anajitapa bandani kuwa siku moja ataliiba lori la mjomba wake, na Beka ameshapata fremu yake ya pili. Nilikwenda kituoni kwa magongo nikaeleza. Askari akanisikiliza, akaniangalia mshono wa kichwani, akaniuliza, "Dada, unajua leo ni siku gani?" Nilikuwa sijui. Wewe ukitoka hospitali unajua? Ikawa ndiyo basi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kumsemea ni mjomba. Kwenye posa mjomba, kwenye kesi mjomba, kwenye ugonjwa mjomba. Baba anaweza kusema hili, watu wakasubiri. Mjomba akisema mpwa wangu ni mwizi, ukoo umesema, nani atafungua mdomo? Si Bi Mwanaidi. Shamba alilolima lilikuwa chini ya kaka yake, nyumba aliyolala ilikuwa ya kaka yake. Watu walikuwa wanamwita mama mwizi, kwanza kwa kificho, halafu kama jina lake la kawaida. Aliacha kwenda kwenye shughuli, kwa sababu akiingia tu watu wanasogeza pochi zao. Alikuwa anakuja kwangu mchana, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananiambia, "Tatu mwanangu, nieleze tena. Alimpa mkononi?" Namwambia, alimpa mkononi. "Alisema nini?" Alisema leo wewe. Anatikisa kichwa, anainuka, anakwenda kumpikia kaka yake. Hata alipolala kitandani mara ya mwisho, sauti imekwisha, aliniuliza kama kaka yake ameshasema. Nikamwambia bado. Kumdanganya nilishindwa.

Watu waliotengeneza Kona ya Pili sina ugomvi nao. Waliifanya bora, kila walichogusa kilikuwa bora, na waliiuza kama mchezo tu. Aliyesema si mchezo ni Beka. Aliyeamini kwa sababu ilikuwa nafuu kuamini ni Kondo. Beka, sasa una maduka mjini na watoto wako wanasoma. Ulikuwa na muhogo mdomoni, ulisikia kila neno, na ulimuuza rafiki yako kwa chumba cha bati. Uje. Na wewe Mjomba Kondo, hujafa, una akili timamu, msibani nimekusikia ukihutubia bila kukwama. Arobaini ya dada yako inakaribia na watu watajaa uani kwako. Nitakuwepo, na safari hii hakuna wa kunivuta kanga. Sitaki msamaha wako, sitaki mchele wako, sitaki unipe pole ya mguu. Simama mbele ya ukoo wako, mbele ya wale waliomwita dada yako mama mwizi mpaka akazikwa nalo, umtaje Abuu kwa jina lake, halafu useme neno moja tu, lile ulilolikalia tangu mtaroni: nilimtuma.